King'ora kikilia, wa chumba cha katikati atasikia?

Tangu nilipoandika kuhusu mitungi ya kuzimia moto, maswali ya ving'ora hayajakoma. Leo nayajibu matano. Vipimo ninavyotaja ni vya BS 5839-1, mwongozo wa Uingereza wa majengo ya biashara na ya umma, ambao ndio nilioshikia kazi. Wamarekani wana wao, NFPA 72, na baadhi ya namba zake ni tofauti. Mhandisi wako akiufuata huo, sawa. Ila asichote nusu huku na nusu kule katika jengo moja.

*Shikamoo fundi. Nina gesti ya vyumba 18 hapa Mwanga. Niliyempa kazi amefunga ving'ora viwili kwenye korido, kimoja kila mwisho. Anasema vinatosha kwa sababu vinasikika mpaka barabarani.*

Marahaba mama. Aliye barabarani yuko macho na hana mlango mbele yake. Mgeni wako ameshuka kwenye basi amechoka, amefunga mlango, amewasha feni, amelala. Huyo ndiye tunayemfungia king'ora.

Ukubwa wa sauti tunaupima kwa desibeli. Kipimo cha mahali pa kulala ni desibeli 75 pale kwenye mto, mlango ukiwa umefungwa. Sehemu nyingine za jengo 65 hutosha, au 5 juu ya kelele zilizopo. Sasa tupige hesabu. Chukua king'ora chenye desibeli 100 ukiwa mita 1 kutoka kilipo. Kila umbali unapoongezeka mara mbili, unapoteza 6: mita 2 zinabaki 94, mita 4 zinabaki 88, mita 8 zinabaki 82. Mlango wa kawaida wa mbao hula kama 20. Ule mzito wa kuzuia moto hula kama 30. Kwa hiyo mgeni aliye mita 8 tu anabakiwa na 62. Kuta za korido hurudisha sauti kidogo, lakini usiweke roho ya mtu juu ya mwangwi.

Dawa yake ni sauti ndani ya kila chumba. Viko vitambua moshi ambavyo king'ora chake kimo kwenye kitako, kwa hiyo waya ni mmoja na tundu la dari ni moja. Ni gharama, najua. Kabla hujamlipa fundi salio lake, ingia naye chumba cha katikati, fungeni mlango, washeni feni, kisha mhudumu abonyeze kitufe cha dharura, kile cha ukutani cha kuwashia ving'ora. Fundi awe na kipima sauti mkononi. Asiyekuwa nacho anakisia. Na mgeni asiyesikia kwa masikio anahitaji taa ya kumweka au kitetemeshi cha chini ya mto. Uwe nacho hata kimoja mapokezi.

*Mimi ni mwalimu wa bweni, wilaya ya Kasulu. Shule haina fedha ya mfumo wa umeme. Rimu la gari tunalogonga kwa vipindi linaweza kutumika kwa moto?*

Mwalimu, swali lako nimelisoma mara mbili. Mwaka 2009 wasichana 12 walikufa kwenye bweni la sekondari ya Idodi, Iringa. Mwaka 2020 watoto 10 walikufa kwenye bweni la shule ya Byamungu, Kyerwa. Usiku ndio unaoua bwenini, kwa sababu moshi haumwamshi mtoto, unamzidishia usingizi.

Rimu linaweza kusaidia, kwa masharti. Lisiwe lile la vipindi, au mlio wake usifanane kabisa na wa vipindi, maana mtoto aliyezoea kugongewa saa kumi na moja alfajiri atageuka upande wa pili. Liwe nje ya bweni, na chuma cha kugongea kifungwe hapo hapo kwa mnyororo. Na awepo mtu aliye macho usiku kucha anayezunguka, kwa kuwa rimu halinusi moshi. Hapo ndipo linapozidiwa na kitambua moshi, na ndiyo maana nakuomba uendelee kuisumbua bodi ya shule. Anzeni na bweni moja, la wadogo.

Lakini kabla ya yote hayo, niambie: mlango wa bweni unafungwa kwa kufuli kutoka nje? Madirisha yana nondo zisizofunguka? Kama jibu ni ndiyo, fedha ya kwanza iende huko. King'ora humwamsha mtoto, hakimtoi. Mlango wa pili ufunguke kwa kusukuma kuelekea nje, bila ufunguo, na watoto waujaribu gizani angalau kila muhula.

*Tuna mgahawa Ujiji. Kila tukikaanga migebuka kitambua moshi kinapiga kelele, tukakivisha mfuko wa nailoni. Tufanyeje?*

Vueni mfuko leo. Kosa ni la aliyekiweka pale. Jikoni panafaa kitambua joto, tena kile cha kiwango maalumu cha joto, si kile kinachoshtuka joto likipanda ghafla, maana hicho nacho kitalia mkifungua oveni. Cha moshi kihamie ukumbini au kwenye njia ya kutokea.

*Umeme ukikatika, king'ora kinakufa?*

Kikifungwa vizuri, hapana. Ndani ya paneli, lile sanduku la ukutani linaloongoza mfumo wote, kuna betri ambazo zinatakiwa kubeba mfumo saa 24 bila umeme, na bado zibaki na nguvu ya kupiga king'ora dakika 30. Kama gesti au ofisi yako huwa inakaa gizani zaidi ya hapo, mwambie fundi aongeze ukubwa wa betri mapema. Betri hizo huchakaa; andika kwa kalamu ubavuni tarehe zilipofungwa. Mtu asizichomoe kwenda kuwashia redio. Na waya wa mfumo uwe wa kustahimili moto, usiwe ule wa kawaida wa taa, ambao unaweza kuungua kabla ving'ora havijamaliza kazi yake.

*Nina cheti cha Zimamoto, nimelipia. Bado kuna kitu natakiwa kufanya mpaka wakaguzi warudi?*

Kipo, tena cha kila wiki. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 inawapa wakaguzi kazi yao, lakini mkaguzi anaona jengo lako siku moja. Niliwahi kuitwa kwenye hoteli moja yenye karatasi zote ukutani. Nikainua macho darini: vitambua moshi bado vimevaa vifuniko vya plastiki vya kukingia vumbi la ujenzi. Taa ya paneli ilikuwa kijani, na hakuna kimoja ambacho kingenusa chochote. Wageni walikuwa wamelala humo miezi.

Basi kila wiki, siku ileile na saa ileile, bonyeza kitufe kimoja cha dharura, na wiki inayofuata kingine, mpaka uvimalize ndipo urudie. Vitufe hivyo vinatakiwa viwe kwenye milango ya kutokea, kama mita 1.4 kutoka sakafuni, na mtu asitembee zaidi ya mita 45 kukifikia kimoja. Kila miezi sita fundi aje asafishe vitambua moshi. Vumbi letu jekundu la kiangazi na wadudu huingia ndani yake. Andika yote kwenye daftari linalokaa karibu na paneli, pamoja na jina la aliyebonyeza. Kabla ya kujaribu waambie wageni. King'ora kikilia siku usiyopanga, toa watu kwanza, kisha piga 114, hata kama unachokiona ni moshi kidogo tu.