Magari ya umeme kulisha jengo: anza na saa za madereva

Ndugu, nimeelewa kwamba gharama za umeme za ofisi yenu hupanda jioni, nawe ungependa magari ya umeme yanayoegeshwa hapo yalishe jengo saa hizo. Hakikisha kwanza kwamba gari na chaja vyote viwili vinaruhusu umeme kurudi nje, kwa kuwa magari mengi hupokea tu.

Orodhesha kila gari linaondoka saa ngapi na lazima liwe na chaji kiasi gani wakati huo. Chaji inayozidi hapo ndiyo ya jengo. Betri ya kWh 60 (kilowati-saa, yaani uniti za umeme) ikishushwa kutoka asilimia 80 hadi 50 hutoa kWh 18, na sehemu yake hupotea kama joto, kwa hiyo tofauti ya bei ya umeme kati ya jioni na saa za kuchaji isipofidia upotevu huo pamoja na uchakavu wa betri, ni heri kuahirisha kuchaji hadi usiku tu. Hata hapo, magari yaanze kwa zamu, yasije yakaunda kilele kipya cha matumizi ya umeme.

Soma masharti ya dhamana ya betri. Uunganishaji mwachie fundi mwenye leseni, kwa idhini ya kampuni ya umeme, kwani gridi (mtandao wa nyaya za kampuni hiyo) ikizimwa huku gari likiendelea kurudisha umeme, mafundi walio kwenye nyaya wanaweza kufa.