Nyumba 12, lazima maegesho 12?

SWALI: Nina kiwanja cha mita 20 kwa 20 Uhindini, Dodoma. Nataka fremu chini na nyumba 12 za kupangisha juu. Msanifu anasema nitenge maegesho 12, maana yake fremu zote zinakufa. Siwezi kupunguziwa?

JIBU: Hesabu ya msanifu ni sahihi. Gari hulala kwenye mita 2.5 kwa 5, lakini linadai njia ya mita 6 nyuma yake ili litoke. Ukiacha mita 1.5 kila upande unabaki na 17 kwa 17. Safu mbili zinazotazamana zinachukua 5 + 6 + 5, yaani 16. Nguzo za sentimita 40 zikikaa kila mita 5.4, kati yake yanaingia magari mawili. Zikikaa kila mita 4 kwa kufuata vyumba vya juu, linaingia moja, na upenyo unaobaki hauingizi hata bajaji. Kwenye karatasi 12 zinaenea. Weka ngazi, tangi la maji na kibanda cha mlinzi: tisa, pengine nane.

Kuchimba chini usahau. Kushuka mita 3 kwa mteremko wa 1 kwa 7 kunataka mita 21, na kiwanja chako kina 20.

Basi omba kupunguziwa, tena kabla ya michoro kukamilika, maana kuhamisha nguzo baadaye ni kuchora upya. Andikia afisa mipango miji wa halmashauri ya jiji, uulize mambo mawili: kiwango kipi kinatumika kwenye kiwanja chako, na kama maegesho ya nje ya kiwanja yanakubalika. Ambatanisha ushahidi. Chagua majengo matatu ya jirani yenye wapangaji, hesabu magari yaliyolala pale saa 11 alfajiri, siku ya kazi na Jumapili, ugawe kwa nyumba zenye watu. Usihesabu mchana, utahesabu wateja wa maduka. Na uwe mkweli: mfanyabiashara anayetembea kwenda dukani kwake anaweza kuishi bila gari, mfanyakazi wa ofisi za serikali kule Mtumba mara nyingi ana gari.

Pungufu lifidie kwa mkataba na ofisi ya karibu inayofungwa jioni. Gari la mpangaji linaingia wafanyakazi wa ofisi wakishatoka. Mkataba uwe wa miaka. Wa mwezi kwa mwezi hukatika siku mwenye uwanja anapoanza kujenga, na magari yote yanarudi barabarani. Kodi ya maegesho itenge na kodi ya nyumba, asiye na gari asilipie simenti ya mwenzake.

London iliacha kulazimisha idadi ya chini ya maegesho mwaka 2004, Buffalo ya Marekani mwaka 2017. Hilo halikupi kibali Dodoma, ila linaonyesha ombi lako si la ajabu.

SWALI: Jirani akipunguziwa, magari ya wapangaji wake si yatalala mbele ya duka langu?

JIBU: Yatalala, kama kulala hapo ni bure. Omba sehemu ya kushushia mizigo ichorwe na kuwekewa saa maalumu za matumizi. Lakini tunachokiona kibaya zaidi ni maegesho yaliyopitishwa kwenye ramani kugeuzwa stoo baada ya kibali kutoka. Ukiliona hilo, piga picha na uandike barua kwa halmashauri ukitaja namba ya kiwanja na kitalu. Malalamiko ya mdomo hayaachi kumbukumbu kwenye faili.