Nafsi na utambulisho wa kijamii: anza na jaribio, fasili itafuata

Wadogo zangu mnaoanza saikolojia jamii, mada hii ndiyo inayowadanganya wengi, kwa sababu inaonekana nyepesi. Kila mtu ana nafsi, kila mtu ana kabila na timu, basi mtu anakariri fasili mbili tatu kutoka kwenye handauti ya mwaka juzi na kujiona kamaliza. Mimi husahihisha kazi za semina, na aliyekariri humjua kwenye aya ya kwanza: "Tajfel alisema watu hupenda kundi lao." Hilo hata bibi yako analijua. Kilichomfanya mwanasaikolojia Henri Tajfel asomwe mpaka leo ni namna alivyolipima.

Jaribio lenyewe lilifanyika Bristol, Uingereza, na matokeo yakatoka mwaka 1970. Wavulana wa shule wa miaka 14 na 15 walionyeshwa nukta nyingi ukutani wakadirie idadi yake. Kisha kila mmoja akaambiwa yuko kundi la wanaokadiria zaidi au la wanaokadiria pungufu. Kumbe waligawanywa kwa bahati nasibu tu. Hawakuwa na ugomvi wa zamani, hawakukutana kama kundi, na wenzao waliwajua kwa namba, si kwa majina. Halafu kila mmoja, akiwa peke yake, akagawa pointi zenye thamani ya hela ndogo kwa wavulana wengine wawili. Yeye mwenyewe hakupata chochote katika mgawo wake.

Hapa ndipo wengi hurukia hitimisho. Usiruke. Chukua karatasi, andika mistari miwili ya namba, ya jaribio lake la pili lililofuata mtindo huohuo. Wa juu ni wa mwenzako wa kundi: 7, 8, 9, hivyo hivyo hadi 19. Wa chini ni wa mtu wa kundi lingine: 1, 3, 5, hadi 25. Unachagua jozi moja iliyosimama wima. Ukienda mwisho kabisa, mwenzako anapata 19, yule wa kule 25. Ukienda mwanzo, mwenzako anaambulia 7 na wa kule 1. Katikati ni 13 kwa 13. Anayelitakia kundi lake mema, na basi, angechagua 19. Wavulana hawakufanya hivyo. Walielemea upande wa kuzidi: heri mwenzetu apate pungufu, mradi wale wapate pungufu kumshinda. Lakini pia hawakukimbilia wote 7 kwa 1, maana usawa nao uliwavuta, na Tajfel aliliandika hilo waziwazi. Insha inayolitaja jambo la usawa huwa naisoma mpaka mwisho kwa raha.

Ukishaichora jedwali hiyo kwa mkono wako, nadharia ya utambulisho wa kijamii, ambayo Tajfel aliiandika na mwenzake John Turner mwaka 1979, haikupi shida. Sehemu ya kujithamini kwetu hutoka kwenye makundi yetu, kwa hiyo tunataka kundi letu lionekane tofauti na wengine, na tofauti hiyo iwe ya kheri kwetu. Chuki si sharti. Na swali halikuwa la darasani tu kwa Tajfel: alikuwa Myahudi wa Poland, akapigana katika jeshi la Ufaransa, akatekwa na Wajerumani. Aliokoka akiwa mfungwa wa vita. Karibu jamaa zake wote waliuawa.

Kuhusu nafsi yenyewe, William James (1890), Cooley na kioo chake, yaani tunajiona kupitia macho ya wengine (1902), na Mead (1934) wasomeni kwa mpangilio huo, wikiendi moja inatosha. Higgins (1987) mpeni muda kidogo: pengo kati ya ulivyo na unavyotamani kuwa analihusisha na huzuni, na pengo kati ya ulivyo na unavyopaswa kuwa analihusisha na wasiwasi.

Turner aliendelea kuuliza ni utambulisho upi unaojitokeza, na wakati gani. Kijana wa Moshi akiwa Dar ni Mchaga, akiwa Nairobi ni Mtanzania, akifika Guangzhou, China, kununua mzigo ni Mwafrika. Mtu ni yuleyule; waliomzunguka ndio wamebadilika. Kwa hiyo swali la mtihani likisema "eleza utambulisho wa mtu huyu", kwanza uliza yuko wapi na yuko na nani.

Jambo la mwisho linanigusa zaidi, kwa kuwa ni letu. Kila mwaka naletewa sentensi kwamba Waafrika ni watu wa jumuiya na Wazungu ni wa kujitegemea. Wengi huitoa kwa Markus na Kitayama (1991), ambao mifano yao mikubwa ilikuwa Japani na Marekani. Someni utafiti wa Ma na Schoeneman wa mwaka 1997. Waliwapa watu wa Kenya na Wamarekani zoezi la kukamilisha "Mimi ni…" mara 20. Wamasai na Wasamburu walijieleza mno kwa ukoo, kabila na nafasi zao katika jamii. Wanafunzi wa chuo kikuu Nairobi je? Walikaribiana na wanafunzi wa Marekani kuliko Wamasai na Wasamburu. Wafanyakazi wa mjini walikuwa katikati. Sasa hiyo "Waafrika" ya kwenye insha yako ni ya nani?

Zoezi hilo lifanyeni wenyewe kabla hamjafundishwa, kisha majibu yapangeni mafungu mawili, ya binafsi na ya kijamii. "Mimi ni mwanafunzi" na "mimi ni mkimya" hazina utata. "Mimi ni mtu wa watu" itawagombanisha, na "mimi ni mlokole" pia. Wanaopanga wawe watu wawili, kila mmoja peke yake, ndipo mlinganishe. Na kanuni za kupangia ziandikeni kabla ya kufungua karatasi hata moja, kwa sababu mkishaona majibu mtazikunja kanuni zifuate mnachokitaka.