Maswali yenu: bakteria wa mbu, kinga na dengue

"Kaka, nasikia kuna nchi wanafuga mbu wanawaachia mtaani eti kuzuia dengue. Kweli hiyo?" (mama wa duka, Kyela)

Kweli mama. Kuna bakteria anaitwa wolbakia, anaishi ndani ya seli za wadudu kibao, ila Aedes aegypti, yule mbu wa mchana mwenye dengue, kiasili hana. Wakampandikizia, na akishakuwa naye kirusi kinashindwa kuzaliana vizuri mwilini mwake, afu jike anawarithisha watoto kupitia mayai kwa hiyo kazi inaendelea yenyewe. Yogyakarta kule Indonesia, mitaa waliyowaachia hao mbu dengue ilipungua 77%, matokeo yalitoka 2021.

"Sa akining'ata si na mimi napata huyo bakteria?" (bodaboda, Mwanjelwa)

Hupati. Wa wadudu huyo.

"Kamwene. Kwa hiyo bakteria wote wa mbu wanatusaidia?" (mwanafunzi, Iringa)

Kamwene. Thubutu! Mbu naye ana kinga, kuna seli zinazunguka kwenye damu yake zinameza vijidudu, na utumbo wake unatoa protini za kuua. Bakteria wa kawaida wa tumboni ndo wanaiweka hiyo kinga macho, ndo maana watafiti walivyowapa mbu antibayotiki wakawasafisha tumbo, dengue ikazidi humo ndani badala ya kupungua. Ila kuna mwingine, seratia, huyo msaliti kabisa, anatoa kimeng'enya kinachomeng'enya ule ute unaofunika ukuta wa utumbo, basi kirusi kinapita kama lori lililokuta mizani haina mtu.

"Mimi nikiumwa na mbu pananivimba balaa, si ndo kinga iko vizuri?" (dada wa Tukuyu)

Sio lazima dada. Pale seli nyeupe zimekimbilia, neutrofili ndo za kwanza, nazo zinaita wenzao, na kati ya hao wanaoitwa wapo ambao kirusi kinaingia ndani yao na kuzaliana humohumo. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walizuia neutrofili zisifike pale mbu alipong'ata, ugonjwa ukawa mwepesi. Ila ni panya wale, usije ukakimbilia famasi kununua dawa za uvimbe.

"Mbeya baridi hivi, haya yanatuhusu nini?" (mzee wa Uyole)

Shikamoo mzee. Uyole sawa, baridi inawabana, ila shuka Kyela uone joto lake. Damu za watu wa mkoa wetu zilizochukuliwa 2007 na 2008 zilipopimwa, karibu 18% walikuwa na alama kwamba chikungunya, homa nyingine ya kirusi inayoletwa na mbu haohao wa dengue, ilishawapitia, na nahisi wengi wao waliambiwa ni malaria tu. Kwa hiyo homa ikipanda na kipimo cha malaria kikasema hamna, rudi hospitali, usinunue amoksilini maana haigusi kirusi. Parasetamo poa, aspirini na diklofenaki ziache kwanza, kama ni dengue zinaweza kukutoa damu.