Toleo refu la filamu za fantasia: ni dakika zipi hasa unazilipia?

SWALI: Salaam, mhariri. Mimi na mume wangu tuliziona filamu tatu za The Lord of the Rings zilipotoka, na sasa binti yetu amefikia umri wa kuzitazama. Nataka tuwe na diski zetu nyumbani, ila kila ninapotafuta nakuta "toleo refu" ni ghali kuliko la kawaida. Filamu ya kwanza peke yake nimeiona imeandikwa dakika 178, mahali pengine 208, pengine 228. Hizo dakika 50 zimetoka wapi? Na toleo refu linastahili pesa ya ziada, au tunauziwa makapi ya chumba cha uhariri? Baada ya hizi ninafikiria The Hobbit na Harry Potter. Deki yetu ni Blu-ray ya kawaida, runinga ni ya 4K.

JIBU: Salaam, dada. Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopigwa chenga.

Dakika 178 ni filamu iliyoonyeshwa kwenye kumbi Desemba 2001. Dakika 208 ni toleo refu, lililotoka kwa DVD Novemba 2002. Na 228 je? Ni toleo lilelile la 208, likifuatiwa na takriban dakika 20 za majina ya wanachama wa klabu ya mashabiki yakipanda kwenye skrini. Ni heshima nzuri kwa waliotajwa, lakini si filamu. Nyongeza halisi kwenye sehemu ya kwanza ni dakika 30. Sehemu ya pili ilitoka dakika 179 hadi 235, ya tatu kutoka 201 hadi 263, nazo zote mbili zina majina ya mashabiki yanayokula kama dakika 12 mwishoni. Ukiyaondoa, filamu tatu kwa pamoja zimeongezwa saa mbili na dakika chache. Hizo ndizo unazolipia.

Kuna mtego mwingine wa dakika. DVD za mfumo wa PAL (mfumo wa runinga wa Ulaya na nchi nyingi za Afrika) huchezwa kwa fremu, yaani picha moja-moja, 25 kwa sekunde badala ya 24 za sinema, kwa hiyo filamu hukimbia kwa asilimia nne. Dakika 208 zinakuwa 200 bila kukatwa hata onyesho moja, na sauti za waigizaji zinapanda kidogo. Watu wamewahi kuniandikia wakilalamika kwamba wameuziwa toleo lililopunguzwa, kumbe mwendo ndio uliobadilika. Blu-ray haina tatizo hilo kwa filamu hizi, kwa sababu hucheza fremu 24 kama ukumbini.

Sasa swali lako la makapi. Nimekaa kwenye kiti cha uhariri miaka mingi, na naweza kukuambia kwamba onyesho lililotupwa na onyesho lililorudishwa ni vitu viwili tofauti. Onyesho likikatwa mapema, hubaki ghafi: rangi haijasawazishwa, nyuma ya mwigizaji bado kuna kitambaa cha kijani au cha buluu, joka ni mchoro wa kijivu, nyayo hazisikiki na muziki haupo. Ndiyo maana yale "maonyesho yaliyokatwa" yanayowekwa pembeni kwenye diski huonekana kama yametoka filamu nyingine. Kulirudisha ndani ya filamu ni gharama. Mafundi wa athari za picha wamalize kazi, sauti ichanganywe upya, na muziki uandikwe upya, kwa sababu wimbo uliopangwa kwa onyesho la dakika mbili hauwezi kuvutwa kama mpira ujaze dakika tatu. Kwenye The Lord of the Rings kazi hiyo ilifanyika kikamilifu. Howard Shore, mtunzi wa muziki wa filamu hizi, aliandika na kurekodi muziki wa ziada kwa ajili ya matoleo marefu, na ukitazama bila kujua huwezi kuonyesha mshono uko wapi. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza ninapoulizwa kuhusu toleo refu lolote: je, nyongeza zilimalizwa, au zilibandikwa?

Kipimo cha pili ni kigumu zaidi: je, nyongeza inaisaidia hadithi? Hapa seti hii hii ina majibu ya kila namna.

Nyongeza bora kuliko zote, kwangu, iko kwenye sehemu ya pili. Ni kumbukumbu ya Faramir akiwa na kaka yake Boromir na baba yao Denethor, siku walipoukomboa mji wa Osgiliath. Kwenye toleo la ukumbini Faramir anamkamata Frodo, shujaa anayeibeba pete, na kutaka kuichukua, na unabaki ukijiuliza mtu huyu ana nini. Kwenye toleo refu unaona baba anavyompenda mmoja na kumdharau mwingine mbele ya macho yake. Ukishaona hayo, kila anachofanya Faramir baadaye kinaeleweka. Ni dakika chache tu, lakini zinambadilisha mhusika mzima, na zinamwandalia Denethor njia kabla hajaingia rasmi kwenye sehemu ya tatu.

Ya pili ni mwisho wa Saruman. Mliotazama ukumbini mwaka 2003 mtakumbuka kwamba mchawi huyu, aliyekuwa adui mkuu wa sehemu ya pili, alitoweka tu. Tuliambiwa amefungiwa kwenye mnara wake, basi. Christopher Lee, aliyemwigiza, hakuonekana hata mara moja kwenye sehemu ya tatu ya ukumbini. Toleo refu linamrudisha na kumpa kifo chake. Kama ulitoka ukumbini ukihisi deni halijalipwa, hukukosea.

Lakini sikiliza na upande wa pili. Katika sehemu ya tatu, Aragorn, mrithi wa ufalme wa Gondor, anaingia pangoni kuomba jeshi la wafu limsaidie. Toleo la ukumbini linamwacha hapo, ameuliza na hajajibiwa. Baadaye vita vimewaelemea watu wa Gondor, meli za maharamia zinatia nanga, adui anashangilia kwamba msaada wake umefika, na anayeruka kutoka melini ni Aragorn, wafu wakimfuata. Ukumbi niliokuwamo ulilipuka kwa makofi. Toleo refu linakuonyesha mapema wafu wakikubali, kisha Aragorn akizivamia meli zile. Zinapofika bandarini unajua nani yumo. Onyesho lililoongezwa si baya, ila limeiba mshtuko wa onyesho lingine lililo bora zaidi.

Onyesho jingine lililoongezwa, la msemaji wa Sauron (adui mkuu wa hadithi) langoni, lina dosari inayofanana. Msemaji anatoka akiwa na vazi la Frodo, mashujaa wanaamini Frodo amekufa, huzuni inatanda. Lakini sisi watazamaji tumeshamwona Frodo akiokolewa, kwa hiyo huzuni hiyo ni yao, si yetu. Kwenye kitabu msomaji anafika langoni bila kujua kama Frodo yu hai, na ndiyo maana pale inauma. Mhariri aliyeliondoa onyesho hili kwa ajili ya ukumbi alijua alichokuwa akifanya.

Wengi hudhani toleo fupi ni la kampuni na toleo refu ndilo la mwongozaji. Kwa filamu nyingine ni kweli. Kwa hizi si hivyo: Peter Jackson, mwongozaji wake, mwenyewe amesema toleo la ukumbini ndilo analolihesabu kuwa lake, na refu aliliandaa kwa ajili ya wapenzi wanaotaka kukaa zaidi katika ulimwengu ule. Kwa hiyo usinunue refu kwa kudhani fupi limekatwakatwa na watu wa fedha.

Ukitaka mfano wa kinyume, tafuta Legend ya Ridley Scott ya mwaka 1985. Marekani ilionyeshwa kwa dakika 89, ikiwa na muziki wa kundi la Tangerine Dream badala ya ule wa Jerry Goldsmith ulioandikwa kwa ajili yake. Toleo la mwongozaji, lililopatikana kwa DVD mwaka 2002, ni la dakika 113 na lina muziki wa Goldsmith. Hapo hununui nyongeza, unanunua filamu nyingine kabisa: kasi nyingine, hisia nyingine, hata uovu wake una uzito mwingine. Kwa filamu kama hiyo nasema nunua bila kusita.

The Hobbit nitaipitia haraka. Ya kwanza imeongezwa dakika 13, ya pili 25, ya tatu 20. Ya kwanza ilikuwa ndefu tayari, na nyongeza zake ni nyimbo na utani. Sioni sababu ya kuzilipia. Ya pili inafaidika, maana kuna sehemu inayohusu baba yake Thorin, kiongozi wa mbilikimo, ambayo kukosekana kwake ukumbini kuliacha shimo. Ya tatu nyongeza zake nyingi ni vita, tena za kumwaga damu kiasi kwamba Marekani iliwekwa daraja la R (walio chini ya miaka 17 sharti wawe na mzazi au mlezi), tofauti na ya ukumbini. Kwa kuwa mna mtoto, hilo lizingatie kabla ya kununua seti nzima. Na kama kuna mtu atakwambia kwamba diski zina ule mwendo wa fremu 48 kwa sekunde uliopigiwa debe kumbini, si kweli; diski zote ni fremu 24.

Harry Potter, mbili za kwanza tu ndizo zina matoleo marefu: dakika 7 kwa ya kwanza na 13 kwa ya pili. Ni vipande vya kupendeza vya shuleni, havibadilishi lolote. Likiwa bei moja na la kawaida, chukua. Likiwa ghali zaidi, hiyo tofauti nunulia kitabu.

Turudi kwenye deki yako, maana hapo ndipo pesa hupotea kimyakimya. Deki ya Blu-ray ya kawaida haisomi diski za 4K, hata kama runinga ni ya 4K. Haitazisoma vibaya, haitazisoma kabisa. Kwa hiyo una njia mbili: ununue seti ya Blu-ray, au ununue deki nyingine.

Seti ya matoleo marefu ya Blu-ray ilitoka Juni 2011, diski 15: sita za filamu, tisa za DVD zenye makala za utengenezaji. Dosari yake inajulikana, na ukishaiona huwezi kuacha kuiona: sehemu ya kwanza imetandwa na ukungu wa kijani, theluji yenyewe ina kijani. Sehemu ya pili na ya tatu hazina shida hiyo. Seti ya 4K ya mwaka 2020 ilirekebisha rangi kutoka mwanzo na ina matoleo yote mawili, la ukumbini na refu, kwenye diski tisa. Ila makala za utengenezaji hazimo. Na makala zile, nakuapia, ni shule. Nimewafundisha vijana wa uhariri kwa kutumia zile DVD kuliko kwa kitabu chochote. Ukikuta seti ya zamani ya DVD au ya Blu-ray iliyotumika, diski hazijakwaruzwa, inunue hata kwa ajili ya makala tu.

Usikereke kwamba kila filamu ndefu imegawanywa kwenye diski mbili. Diski ya Blu-ray yenye tabaka mbili hubeba gigabaiti 50. Ukijaza humo dakika 263, unabaki na wastani wa megabiti 25 za data kwa kila sekunde ya filamu, sauti ikiwemo, wakati mfumo wenyewe unaruhusu hadi 40 kwa picha peke yake. Vita vyenye maelfu ya askari, moshi na mvua ndivyo vinavyohitaji nafasi hiyo. Ikibanwa, mvua inageuka vigae. Kuinuka mara moja kubadilisha diski ni bei ndogo.

Kuna filamu nyingine ambazo matoleo mawili hukaa kwenye diski moja. Haimaanishi filamu imewekwa mara mbili. Maonyesho ya pamoja huhifadhiwa mara moja, na deki inapewa orodha ya vipande vya kuruka au kuingiza. Ni ufundi mzuri, lakini deki za zamani huganda kidogo penye maungio, kwa hiyo ukiona hivyo usiirudishe diski dukani; tafuta kwanza sasisho la programu ya deki.

Kabla ya kulipa, geuza kasha utazame alama ya kanda. Blu-ray zimegawanywa A, B na C, DVD kwa namba kuanzia 1 hadi 6, na deki yako inaweza kuikataa diski ya kanda nyingine. Diski za 4K hazina kanda, lakini Blu-ray inayofungwa nazo kwenye kasha moja inaweza kuwa nayo.

Kwa ninyi, basi: mkiwa tayari kununua deki ya 4K sasa au mwakani, subirini mchukue seti ile yenye matoleo yote mawili. Mkitaka kubaki na deki mliyonayo, nunueni Blu-ray ya matoleo ya ukumbini kwanza. Binti yenu anaziona kwa mara ya kwanza, na ana haki ya kushtuka zile meli zitakapotia nanga, kama mlivyoshtuka ninyi. Refu mwekeeni likizo ijayo, atakapoanza kuuliza Saruman alikwenda wapi.