Mgahawa mdogo wa samaki pwani ya Nayarit: uende saa ngapi, uulize nini

Ukianza kutafuta marisquería saa moja usiku, umeshachelewa. Marisquería ndivyo Wameksiko wanavyouita mgahawa wa vyakula vya baharini, na kwenye pwani ya Pasifiki, kutoka Mazatlán, mji wa jimbo la Sinaloa, kushuka hadi San Blas katika jimbo la Nayarit, migahawa midogo ya wenyeji hufunguliwa saa tano asubuhi hivi na mingi hufungwa kabla ya magharibi. Mlo mkubwa kule ni wa mchana, kati ya saa nane na saa kumi. Samaki wa alfajiri ameshafika, jiko limeshika moto, meza zimejaa familia. Usiku, utakaoukuta wazi mara nyingi ni mgahawa wa watalii, au kibanda cha taco za nyama, yaani vichapati vilivyokunjwa na nyama ndani. Hizo taco ni tamu, lakini sizo ulizofuata baharini.

Kwa hiyo kazi ya kutafuta ifanyike asubuhi. Teremka ufukweni panapoegeshwa panga. (Panga kule si ya kufyekea, ni boti ya faiba iliyo wazi, yenye injini ya kuning'inia nyuma, na ndiyo chombo cha mvuvi mdogo karibu pwani nzima.) Mazatlán zinafika ufukwe wa Playa Norte. Usimwangalie mvuvi peke yake, mwangalie anayekuja kuchukua mzigo: mtu wa pikipiki mwenye kreti, mama mwenye ndoo na barafu. Fuata ndoo. Ukikosa wa kumfuata, waulize wavuvi wenyewe: ¿Dónde comen ustedes?, yaani nyinyi mnakula wapi. Usiulize “mgahawa mzuri uko wapi”, maana swali hilo linajibiwa kwa jina la mgahawa wa bei kubwa wanaodhani mgeni anautaka.

Mazatlán kuna njia nyingine. Katika barabara ya Aquiles Serdán wanakaa akina mama wauza kamba, maarufu kama Las Changueras, chini ya miavuli, na mabeseni ya kamba waliofukiwa kwenye barafu. Unanunua kwa kilo, kisha unapeleka kwenye mgahawa wa jirani wakupikie kwa malipo kidogo. Patana bei ya kupikiwa kabla hujawakabidhi kamba wako.

Dalili za mgahawa wa kuaminika ni chache. Menyu fupi. Vitu viwili vitatu vimeshafutwa ubaoni, au mhudumu anakwambia ya no hay, vimekwisha. Anayeishiwa saa tisa alinunua cha leo. Anayekuwa na kila kitu saa zote, pamoja na tambi na baga, ana friza kubwa. Viti vya plastiki na paa la makuti, wao huliita palapa, havithibitishi chochote. Hata migahawa ya watalii huezeka palapa siku hizi. Ramani za simu zitakuonyesha mahali, lakini saa za kufungua zilizoandikwa humo usizishike sana. Soma maoni ya Kihispania, tena ya miezi ya karibuni.

Sasa chakula chenyewe. Ukiwa Nayarit agiza pescado zarandeado, na hapa inafaa kujua inavyopikwa kwa sababu ndipo watu wanapopigwa. Samaki anayefaa ni pargo, mwekundu, mwenye nyama ngumu nyeupe kama changu, au robalo, anayeingia kwenye mikoko na midomo ya mito. Anapasuliwa mzima akafunguka kama kitabu, na wengi humwacha na magamba ili ngozi isiungue. Upande wa nyama unapakwa viungo: pilipili kavu zilizolowekwa zikasagwa, kitunguu saumu, ndimu, chumvi, mara nyingi sosi ya soya, wengine wanaongeza mayonezi au haradali. Kisha anabanwa kati ya wavu wa waya na kuwekwa juu ya makaa, akigeuzwa na kupakwa tena. Zamani kuni zilikuwa za mkoko. Tangu 2007 sheria ya Meksiko inalinda mikoko, kwa hiyo atakayekwambia “huu ni mkoko halisi” usimwamini haraka. Makaa ya mti mwingine yanampika vizuri tu.

Samaki wa kilo moja na nusu kwa moto wa wastani anataka dakika 30 hadi 40. Akifika mezani baada ya dakika 10, ujue alipikwa mapema akapashwa, au amepitia kikaangoni. Mchome uma sehemu nene kabisa, karibu na uti wa mgongo: nyama iachane vipande vipande bila kung'ang'ania mfupa. Ikiwa bado inang'aa kama kioo, mrudishe motoni, hakuna atakayeona vibaya. Mkia uliokauka kama ubao na katikati mbichi maana yake wavu ulishushwa karibu mno na makaa kwa haraka.

Anauzwa kwa kilo, akipimwa mzima na kichwa chake. Nyama ni kama nusu ya uzito huo, au pungufu, hivyo kilo moja inatosha watu wawili wenye njaa ya kawaida. Kabla hajapasuliwa omba kumwona, kisha maswali mawili: ¿A cómo el kilo? na ¿Cuánto pesa éste? Kilo bei gani, na huyu ana uzito gani. Jicho liwe limetuna, mashavu mekundu. Ukiagiza bila kuuliza, ugomvi wa bili utakuwa umeuagiza mwenyewe.

Aguachile ni habari nyingine. Asili yake ni Sinaloa, jimbo la kaskazini: kamba wabichi wanamenywa, wanapasuliwa mgongoni, utumbo mweusi unatolewa, wanamwagiwa maji ya ndimu yaliyosagwa na pilipili na chumvi, kisha tango na kitunguu chekundu. Pilipili ya asili ni chiltepín, kapunje kadogo ka mviringo kenye ukali wa pilipili kichaa. Inaliwa papo hapo. Kamba wawe wameanza tu kugeuka waridi kwa nje. Wakiwa weupe kabisa na wagumu kama mpira, wamelala kwenye ndimu muda mrefu. Wakinuka harufu kali kama ya mkojo, sukuma sahani.

Na hili lieleweke: ndimu haipiki. Inabadilisha rangi na ugumu wa nyama, lakini haiui vijidudu vyote. Mjamzito, mtoto mdogo, mzee, mgonjwa wa ini au mwenye kinga hafifu aachane na aguachile na chaza wabichi, aagize kamba waliokaangwa na kitunguu saumu, al mojo de ajo, au supu ya samaki, caldo de pescado.

Msimu nao una maneno yake. Uvuvi wa kamba baharini upande wa Pasifiki hufungwa kila mwaka, kwa kawaida kuanzia Machi hivi hadi Septemba, na serikali hutangaza tarehe. Kamba wa Julai basi ni wa bwawani au wa friza. Si wabaya, Sinaloa inafuga kamba wengi mno, ila usilipe bei ya “wa leo asubuhi”. Miezi hiyo heri samaki.

Kwa Waislamu, nguruwe hujificha pasipotarajiwa katika mgahawa wa samaki. Frijoles puercos, maharage ya pembeni huko Sinaloa, jina linajitangaza lenyewe: hupikwa kwa mafuta ya nguruwe na soseji yake. Chapati nyembamba za ngano nazo mara nyingi hukandwa kwa mafuta hayo. Za mahindi kwa kawaida ni mahindi, chokaa na maji tu, kwa hiyo omba de maíz. Camarones Costa Azul huja wamezungushiwa nyama ya nguruwe. Camarones borrachos, “kamba walevi”, wamepikwa kwa pombe. Swali la kukariri ni ¿Lleva manteca, tocino o cerveza?, yaani kina mafuta ya nguruwe, bekoni au bia?

Pesa: alama ya $ kwenye menyu ni peso, si dola, usishtuke. Beba taslimu na noti ndogo, kwa sababu migahawa mingi midogo haina mashine ya kadi, na noti ya 500 asubuhi itazungushwa mtaa mzima ikitafutiwa chenji. Bakshishi ni asilimia 10 hadi 15, isipokuwa bili imeshaandikwa propina incluida. Wapiga muziki wakisimama mezani kwako, hawatoi zawadi. Wanatoza kwa wimbo, na bei huulizwa kabla ya tarumbeta kulia.

San Blas ina sababu moja zaidi ya kula mapema: jejenes, visubi wadogo wa kwenye mikoko ambao huwaoni mpaka uanze kujikuna. Wanaamka jua likikaribia kuzama na hushambulia vifundo vya miguu chini ya meza. Ukiona wenyeji wameanza kupiga makofi kwenye miundi yao, ita la cuenta. Mhudumu hataileta bili mpaka uiombe. Kule kumletea mgeni bili bila kuitwa ni kama kumfukuza.