Ukiwa na mgonjwa wa akili nyumbani, anza na maneno

Watu wakijua kwamba namuuguza mdogo wangu kwa miaka mingi sasa, swali la kwanza huwa ni dawa: anatumia zipi, zinaponya, ataziacha lini. Ni nadra mtu kuniuliza tunaongea naye vipi. Mimi nikikutana na mtu ambaye wiki hii ameambiwa ndugu yake ana ugonjwa wa akili, huwa naanzia hapo kwenye maongezi, kwa sababu dawa ataelezwa na daktari, ila maneno ya nyumbani hakuna atakayemwandikia kwenye cheti.

Mdogo wangu ana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini mambo yasiyokuwepo. Ugonjwa huu humpata takriban mtu 1 kati ya 300 duniani, na mara nyingi huanza mwishoni mwa ujana au katika miaka ya ishirini, kipindi ambacho mtu anasoma, anatafuta kazi au anatafuta mwenza. Ndiyo maana mwanzoni hakuna anayeuita ugonjwa. Utaitwa uvivu, kiburi, bangi, marafiki wabaya. Kijana aliyekuwa mcheshi anaanza kujifungia chumbani, haogi, analala mchana na kuzunguka usiku, halafu siku moja anasema majirani wanamteta kupitia redio. Hapo ndipo ukoo mzima unaposhtuka.

Magonjwa mengine yana sura nyingine. Sonona humnyong'onyeza mtu kimyakimya, na wapo wanaokwenda nayo kazini kila siku. Baipola humpandisha mtu hadi haoni haja ya usingizi, anagawa pesa na kuanzisha miradi, kisha humbwaga. Mwenye wasiwasi uliokithiri anaweza kukimbilia hospitali akiamini moyo wake unasimama. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao milioni 970, yaani mmoja katika kila wanane, walikuwa wakiishi na tatizo la afya ya akili. Wengi wao huwezi kuwatambua barabarani. Tunamwona yule anayeokota makopo na kujisemea peke yake, basi tunadhani ugonjwa wote ndio ule.

Sasa nirudi nyumbani. Katika miaka ya 1950, mtafiti wa Uingereza aitwaye George Brown alifuatilia wagonjwa walioruhusiwa kutoka hospitali za magonjwa ya akili. Kwa wenye skizofrenia akakuta jambo ambalo wengi wetu tusingelitegemea: waliorudi kwa wazazi au kwa wake zao waliugua tena zaidi kuliko waliokwenda kupanga chumba au kuishi na kaka na dada zao. Yeye na wenzake waliendelea kuchimba kwa miaka, na walichokipata hakimaanishi kwamba wazazi ndio wanaoleta ugonjwa. Hilo naomba lieleweke, maana akina mama wametwishwa lawama hiyo vya kutosha. Walichokiona ni kwamba nyumba yenye kumlaumu mgonjwa sana, kumchukia, au kumganda kama mtoto mchanga, humrudishia ugonjwa mapema. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa mgonjwa aliyekaa uso kwa uso na ndugu wa namna hiyo zaidi ya saa 35 kwa wiki.

Lawama zenyewe unazijua. "Wenzako wana watoto wawili sasa." "Hivi wewe huchoki kulala?" Anayesema hivyo anadhani anamtia mtu moyo. Lakini kukosa ari, kuongea kidogo, uso usioonyesha furaha wala huzuni, hizo ni dalili za skizofrenia, tena ni zile ambazo dawa huziondoa kwa shida kuliko kusikia sauti zisizokuwepo na maruweruwe. Ukimsuta mtu kwa dalili yake unamwongezea mzigo tu. Kwetu tumezoea kusema jambo moja kwa wakati, kwa sentensi fupi, na mtu mmoja ndiye anayesema. "Maji ya kuoga yako tayari" inatosha. Asipoenda, rudi baadaye.

Kumganda ni kugumu zaidi kukomesha kwa sababu kunafanana na upendo. Mtu mzima anakatwa kucha, anajibiwa maswali yake na dada mbele ya daktari, hatumwi hata dukani. Mpe kazi ambayo ni yake, iliyo ndogo lakini ya kweli, na akikosea usimnyang'anye.

Anapokwambia kuna watu wanamfuata, usibishane naye na usimkubalie. Kubishana hakusaidii: wagonjwa wengi hawajioni kuwa wanaumwa, na huko kutojiona ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, si ukaidi. Mjibu kuhusu hofu yake: "Mimi sijawaona hao watu, lakini naona umeogopa. Tukae pamoja kidogo?" Utashangaa jinsi ugomvi unavyopungua mtu akisikilizwa bila kuhojiwa.

Kuhusu dawa nitasema kwa kifupi. Mara ya kwanza kabisa omba mgonjwa apimwe na mwili pia, kwa kuwa malaria kali, kaswende, kifafa na matatizo ya tezi ya shingo vinaweza kuvuruga akili. Akishaanza dawa, wengi huziacha kwa sababu mbili: wamepata nafuu, au wamechoshwa na usingizi, kunenepa, kutetemeka na kushindwa kutulia. Malalamiko hayo ni ya kweli, msiyadharau. Mpelekeeni daktari, kwani dozi hupunguzwa, dawa hubadilishwa, na zipo sindano za mara moja kwa mwezi. Kuacha ghafla bila ushauri ndiko kunakoleta balaa. Mimi sijawahi kumkataza mtu kuja kumwombea mdogo wangu. Ninachokataa ni minyororo, kuchapwa, na kufungiwa ndani kwa njaa, hata anayefanya hivyo awe na heshima gani.

Huko nje nako kuna kazi. Watu humwogopa mgonjwa wa akili kana kwamba ni jambazi, ilhali wengi wao hawamdhuru mtu, na wao ndio wanaopigwa, wanaoibiwa na kubakwa kuliko watu wengine. Katika mji wa Geel, Ubelgiji, tangu Zama za Kati familia za kawaida zimekuwa zikiwapokea wagonjwa wa akili wasio ndugu zao, wakila nao na kufanya nao kazi za shamba. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia walikuwa zaidi ya 3,000 kwa wakati mmoja. Sisemi kila mtu afanye hivyo. Nasema mwajiri anayeweza kumpa mtu zamu ya nusu siku, asione kwamba amefanya muujiza.

Ukihisi mgonjwa wako anataka kujiua, muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo, wengi hupumua kwa kuwa hatimaye mtu amelitaja. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa dawa za ziada na sumu za wadudu ndani ya nyumba, na nendeni hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo.

Halafu kuna karatasi ya maelekezo ya siku atakapozidiwa tena. Iandikeni mgonjwa akiwa na nafuu, na aseme yeye mwenyewe: dalili zake za mwanzo ni zipi (kwa mdogo wangu ni kuzima simu na kukosa usingizi siku chache), ni dawa gani zilimsumbua, apelekwe hospitali ipi, nani ashike pesa zake, nani apigiwe simu kwanza. Kwetu wa kwanza ni binamu, si mimi, na nimelikubali hilo. Nakala moja iwe kwenye faili lake la kliniki, nyingine awe nayo huyo wa kupigiwa simu. Kila akibadilishiwa dawa andikeni upya na kuichana ya zamani, maana daktari wa zamu usiku wa manane ataamini dozi atakayoikuta imeandikwa.